Bakuli la Mti Uliooza

Mkata miti wa kaskazini mwa jimbo la New York akikuta gogo la mepo lililolala msituni misimu miwili mitatu, hulipiga teke, akasikiliza, akaenda zake. Kiwanda cha mbao hakilitaki. Limeshaingia maji na kuvu, na penginepo ubao wake unabonyea kwa kidole gumba. Melvin Lindquist, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya General Electric mjini Schenectady, aliyaokota magogo ya aina hiyo, akayakereza mabakuli na vasi. Mwanawe Mark, aliyezaliwa mwaka 1949, aliichukua kazi hiyo akaipeleka mbali zaidi. Mwaka 1977 aliandika katika jarida la Fine Woodworking makala iliyowafanya wakerezaji wengi wa Marekani wageuke kuyatazama upya marundo yao ya kuni. Leo kazi za familia hiyo zimo katika makumbusho makubwa, yakiwemo ya Smithsonian mjini Washington.

Mti ni uleule, na kuvu ni ileile. Ila jana kilikuwa kitu cha kuwashia moto, na leo kimewekwa nyuma ya kioo, kina taa yake na mlinzi wake. Je, kasoro ilikuwa ndani ya gogo, au ilikuwa ndani ya kazi ambayo watu walikuwa wamelipangia? Na kama uharibifu umezaa uzuri, uzuri huo unaweza kusimama mahakamani kuutetea? Wanafalsafa na wanazuoni wa dini wamebishana juu ya maswali haya kwa zaidi ya miaka elfu mbili, na inashangaza ni mara ngapi mfano walioushika mkononi ulikuwa chombo cha mti.

Kwanza litazamwe bakuli lenyewe. Linalovuta jicho ni mistari myeusi, myembamba na iliyokolea, inayopinda na kukatiza nyuzi za ubao bila kuzijali. Mistari hiyo ni mipaka. Kuvu moja ikikutana na nyingine ndani ya gogo, kila moja hujijengea ukuta wenye melanini, rangi ya jamii moja na ile inayoipa ngozi ya binadamu weusi wake, ili jirani asivuke na unyevu usitoroke. Mabaka meupe katikati ya mistari ni sehemu zilizokwisha kuliwa: kuvu imemeng'enya lignini, kile kinachoupa ubao ugumu wake, ikaacha nyama laini iliyopauka. Kwa maneno mengine, anachokiona mnunuzi kama mchoro ni ramani ya vita vya walaji waliokuwa wakigawana maiti.

Kulikereza gogo hilo ni kazi ya roho mkononi. Patasi inapita kwenye ubao mzima, ghafla inaangukia penye baka laini na kung'oa nyuzi badala ya kuzikata, kisha inagonga ukuta mweusi na kuruka. Bakuli lenye upana wa sentimita 30 likizunguka mara 1,000 kwa dakika, ukingo wake unakwenda kilomita 56 kwa saa, mwendo wa daladala iliyopata barabara tupu, na fundi amesimama nusu hatua kutoka hapo. Kwa hiyo anasikiliza. Ufa uliojificha hujitangaza kwa mlio mkavu unaorudi kila mzunguko, tak-tak-tak, naye huzima mashine papo hapo, akagongagonga kwa kifundo cha kidole kutafuta penye uwazi. Sehemu zilizolegea huzinywesha supaglu nyepesi hadi zikauke na kushupaa. Vumbi lina mbegu za kuvu, hivyo barakoa haivuliwi. Tena lazima unyevu wa ubao ushuke chini ya asilimia 20, maana juu ya hapo kuvu bado iko mezani inakula.

Hata hivyo mengi hayafiki popote. Bakuli hupasuka likiwa limebakiza unene wa kidole, kipande kikagonga ukuta, kilichobaki kikaingia jikoni. Mkerezaji yeyote wa mbao mbovu ana rundo la vipande hivyo nyuma ya karakana, na rundo hilo ndilo linalosahauliwa bakuli linapopandishwa mimbarini.

Kwa maana mfano huu haukosi wahubiri. Mungu ndiye fundi, mwanadamu ndiye gogo, misiba yake ndiyo mistari myeusi. Avumilie patasi, siku moja ataona alichokuwa akichongwa kuwa. Ni mahubiri yanayofariji, na yana ukoo wa heshima. Mtakatifu Agostino wa Hippo, aliyefariki mwaka 430, aliandika katika kitabu chake juu ya Mji wa Mungu kwamba picha yenye rangi nyeusi mahali panapostahili ni nzuri, na vivyo hivyo ulimwengu mzima, kwa anayeweza kuuona wote, ni mzuri pamoja na wakosaji wake, ingawa wao wenyewe wakitazamwa peke yao wanachukiza. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alifika karibu na hapo kwa njia yake. Alishika kwamba haiwezekani kuwepo ulimwengu uliopangwa vizuri kuliko huu, kwa kuwa bila usiku thamani ya mchana isingejulikana, na bila wagonjwa wenye afya wasingeionja neema yao. Kauli hiyo iliwagonganisha wanazuoni wa Kiislamu kwa karne nyingi, baadhi wakihofu kwamba inaufunga uweza wa Mwenyezi Mungu kwenye kigingi.

Hoja ina nguvu, lakini ina sharti lisilosemwa kwa sauti: anayeitamka awe amesimama nje ya picha. Weusi hauoni picha. Mgonjwa anayemfanya jirani aonje afya haonji chochote ila homa.

China ya karne ya nne kabla ya Kristo iliwahi kulifikisha jambo hili mahali penyewe hasa. Mwanafalsafa Gaozi alimwambia mwenzake Mencius kwamba tabia ya binadamu ni kama mti wa mwerebi, na wema ni kama vikombe na mabakuli. Kumfanya mtu awe mwema ni sawa na kuchonga bakuli kutoka kwenye mwerebi. Mencius akambana. Je, bakuli unalitoa kwa kuifuata asili ya mwerebi, au kwa kuujeruhi mti kwanza? Na kama ni kwa kuujeruhi, basi na binadamu hana budi kujeruhiwa ndipo awe mwema? Akaonya kwamba mafundisho ya namna hiyo yatawafanya watu wauone wema wenyewe kuwa balaa.

Baadaye mwanafalsafa mwingine, Xunzi, alisimama upande mwingine bila haya. Kwake mti uliopinda hunyooka ukifukizwa mvuke na kubanwa kwenye kalibu, na binadamu vilevile, kwa kuwa tabia yake ya kuzaliwa ni mbaya. Wazee wa pwani wasemao samaki mkunje angali mbichi wangekaa naye meza moja, ingawa pengine wangempunguzia ukali.

Mtu angedhani Lindquist ni mfuasi wa Mencius: haunyooshi mti, anaufuata, patasi yake inatii mistari iliyokwisha chorwa. Wakerezaji wanapenda kujieleza hivyo. Lakini kitabu kinachobeba jina la Zhuangzi kina kisa kifupi kinachowaharibia sherehe Mencius na Xunzi wote wawili. Mti wa miaka mia unakatwa. Sehemu moja inafanywa chombo cha ibada na kupakwa rangi, mabaki yanatupwa mtaroni. Ukilinganisha chombo na maranda ya mtaroni, uzuri umetofautiana sana, ila kwa upande wa kupoteza asili yao ni hali moja. Yaani mti haukuwa ukingojea kuwa bakuli. Ulikuwa mti.

Mwanafalsafa wa Ujerumani, Kant, naye aliandika mwaka 1784, katika insha yake juu ya historia ya ulimwengu, kwamba kutokana na ubao uliopinda kiasi hicho alioumbiwa binadamu hakiwezi kujengwa kitu kilichonyooka kabisa. Usemi huo umetembea sana, hasa baada ya Isaiah Berlin kuufanya jina la kitabu mwaka 1990. Kinachotajwa mara chache ni kwamba katika insha hiyohiyo Kant anasifu msitu: miti inayosongamana hushindania jua na hivyo hukua mirefu na minyoofu, ilhali ule unaoota peke yake hutawanya matawi ovyo na kupinda. Kwa seremala wa majengo amesema kweli tupu. Mkerezaji wa mabakuli angemwomba Kant anwani ya mti ule wa peke yake, kwa kuwa nyuzi zilizojisokota na nundu zilizoota juu ya jeraha ndizo zinazompa mapambo asiyoweza kuyapata kwenye mti mnyoofu.

Hapa panahitaji tahadhari, na historia ya ufundi huu nchini Marekani inaitoa yenyewe. Bob Stocksdale, kijana wa shamba kutoka Indiana, alikataa kushika silaha katika Vita vya Pili vya Dunia kwa sababu ya dhamiri yake. Serikali ilimweka katika kambi za kazi za watu wa aina yake, na humo ndimo alimoanza kukereza mabakuli. Baada ya vita aliishi Berkeley, California, akawa miongoni mwa wakerezaji walioheshimiwa kuliko wote hadi kifo chake mwaka 2003. Mkewe, Kay Sekimachi, mfumaji aliyezaliwa San Francisco mwaka 1926 kwa wazazi wa Kijapani, naye alikuwa amefungiwa katika kambi ya Topaz huko Utah, moja ya kambi ambamo Marekani iliwafungia watu wenye asili ya Japani wakati wa vita hivyo. Katika uzee wao alitengeneza mabakuli mepesi ya karatasi na nyuzi akitumia mabakuli ya mumewe kama kalibu.

Kuna na George Nakashima, msanifu majengo, Mmarekani mwenye asili ya Japani, aliyewahi kuwa mfuasi wa mwalimu wa kiroho Sri Aurobindo kule Pondicherry nchini India. Mwaka 1942 alipelekwa na familia yake katika kambi ya Minidoka, Idaho. Huko alikutana na seremala mkongwe wa Kijapani, Gentaro Hikogawa, aliyemfundisha subira na zana za mkono za kwao. Meza alizozitengeneza baadaye kule New Hope, Pennsylvania, zinajulikana kwa mbao zilizoachwa na ukingo wake wa asili, na nyufa ambazo hakuziziba: aliweka kipande cha ubao chenye umbo la kipepeo kukatiza ufa usiendelee, ufa wenyewe ukabaki wazi. Kwake mti ulikuwa na nafsi, na meza ilikuwa maisha yake ya pili.

Ni rahisi mno kuyasimulia maisha haya kwa mtindo wa bakuli: kambi ilikuwa patasi, tazama ilichotoa. Bila Minidoka, Nakashima asingekutana na Hikogawa; hilo ni kweli. Ila watu wapatao 120,000 walifungiwa katika kambi hizo, wengi wao raia, na walio wengi hawakutoka na ufundi wowote. Walitoka wamepoteza mashamba, maduka na miaka. Mwaka 1988 Marekani ilipotunga sheria ya kuwafidia, sheria hiyo haikutaja meza wala mabakuli. Iliomba radhi na kumlipa kila aliyekuwa bado hai dola 20,000. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, waliotunga sheria hiyo waliielewa falsafa ya jambo hili kuliko wahubiri wengi. Uzuri alioutoa mfungwa ni mali yake na sifa yake. Aliyemfunga hawezi kuuchukua akaulipia deni lake.

Hii ndiyo kasoro ya mfano wa bakuli unapotumika kueleza mateso. Bakuli ni jibu kwa fundi, aliyekuwa na gogo bovu na sasa ana chombo. Gogo halikupewa jibu. Mtu akiambiwa kwamba mauti ya mwanawe yatakuwa mstari mweusi katika kitu kizuri, ana haki ya kuuliza kizuri hicho kitawekwa kabatini kwa nani.

Afrika Mashariki ina ubao wake mkorofi. Mpingo hukua polepole, hupinda, hutoa mashina mengi, na mara nyingi moyo wake una uwazi. Wanaotengeneza klarineti na obo wanataka vipande vinyoofu visivyo na ufa hata mmoja, kwa hiyo ni sehemu ndogo tu ya gogo inayofaa, na vipande hivyo hupakwa nta nchani ili visipasuke vikikauka. Vijiji vya Kilwa ambavyo misitu yake ilipata mwaka 2009 cheti cha FSC cha usimamizi bora wa misitu vilijua kwamba soko la nje linalipia unyoofu. Upotofu uliobaki ndio uliolisha wachongaji, wale wanaokaa na kipande kilichojisokota, wakakigeuza huku na huku hadi waone kiuno au mgongo uliokwisha kuwemo.

Husimuliwa kwamba mtindo wa vinyago vya shetani ulianza hivyo katika miaka ya 1950: Samaki Likankoa, Mmakonde, alikuwa amechonga sanamu ya mtu wa kawaida, ikavunjika, na katika umbo lililovunjika akaona kiumbe kisicho cha kibinadamu. Mohamed Peera, mfanyabiashara wa vinyago jijini Dar es Salaam, alikipokea na kumtaka achonge vingine. Kisa hiki kimesimuliwa kwa namna nyingi na huenda kimenyooshwa kidogo na wauzaji. Kinavutia kwa sababu hakidai kwamba kuvunjika kulikuwa kwema. Kilichovunjika kilipewa jina la kitu cha kutisha, na ndivyo kilivyochongwa.

Tena Wamakonde wana simulizi ya asili yao ambamo ubao wenyewe ndio unaofaidika. Kiumbe aliyekuwa peke yake porini alichonga umbo la mwanamke, akalisimamisha nje ya makao yake, likapata uhai likawa mkewe. Watoto wa kwanza waliozaliwa bondeni karibu na maji hawakuishi, hadi wazazi walipopanda nyanda za juu. Mti umekuwa mtu, unazaa, unafiwa, unahama. Hakuna fundi anayeuonyesha kwa wageni.

Waislamu wa pwani nao wamekulia na kisa kilichopokewa katika hadithi za Bukhari. Mtume Muhammad (S.A.W.) alikuwa akihutubu Madina akiegemea gogo la mtende. Ilipotengenezwa mimbari, mbao nzuri zilizopimwa na seremala, gogo likawekwa kando. Likalia, waliokuwa msikitini wakalisikia, naye akashuka mimbarini akaliwekea mkono hadi likanyamaza. Masheikh hukieleza kama muujiza na kama funzo la mapenzi kwa Mtume, na ndivyo kilivyo. Lakini kwa swali hili kina neno la ziada. Gogo lililopoteza kazi yake halikuambiwa kwamba mimbari ni nzuri kuliko lenyewe, wala kwamba hasara yake ina nafasi katika mpango mkubwa. Lilisikilizwa.

Siku hizi ufundi wa kukereza wenyewe umepiga hatua inayoufanya ubishi uwe mkali zaidi. Wakerezaji wengi hawangoji tena msitu uwaozeshee mti. Wanachukua ubao mbichi wa mepo usio na doa, wanaufungia kwenye boksi la plastiki lenye unyevu pamoja na kuvu waliyoichagua, wanauacha wiki kadhaa au miezi, kisha wanaukausha kabla haujalegea. Seri Robinson wa Chuo Kikuu cha Oregon State ametumia miaka mingi kuchunguza ni kuvu zipi zinazotoa mistari, zipi rangi, na kwa joto gani. Basi je, kitu kiharibiwe kwa makusudi ili uzuri upatikane? Mtume Paulo, akiwaandikia Warumi, aliliuliza swali hili kwa habari ya dhambi na neema, kwamba je, tudumu katika dhambi ili neema izidi, akalikataa palepale. Kwa ubao hakuna anayelikataa, na pengine hakuna sababu ya kulikataa: mepo haiumii. Ila fundi anayeozesha kwa makusudi hawezi tena kujiita mwokozi wa magogo yaliyotupwa, na mnunuzi akishika mabakuli mawili mkononi ni nadra aweze kujua lipi liliokolewa na lipi liliharibiwa ili lionekane limeokolewa.

Kazi ya Robinson imeendelea kupita hapo. Kuna kuvu iitwayo Chlorociboria inayoutia ubao rangi ya kijani-buluu isiyofifia kwa urahisi. Mafundi wa Italia wa karne ya 15 waliupasua ubao huo vipande vidogo na kuupachika katika picha zao za mbao penye majani na manyoya ya ndege. Sasa rangi hiyo inatolewa kwenye kuvu iliyooteshwa maabara, na imekwisha kujaribiwa kwenye vitambaa na kwenye rangi za kuchorea. Hakuna gogo zima linalohitaji kuoza ili ipatikane. Agostino na Ghazali walijenga hoja zao wakiamini kwamba weusi na picha haviachani, na watetezi wao wa leo watalazimika kueleza kwa nini Muumba alichagua kupitia kwenye gogo.